Paneli za Krismasi: kisa cha bwawa la Mwalimu

Simu iliingia asubuhi moja ya Julai, ile Julai ya Nakuru inayokutoa nyumbani na sweta halafu ikifika saa tano unaibeba mkononi. "Kijana, njoo uondoe hizi sahani zenu nyeusi juu ya nyumba yangu. Ni za uongo." Nilimwamkia, nikamweleza kwa adabu kwamba si mimi niliyeziweka. "Nyinyi mafundi ni ukoo mmoja," akasema. "Njoo."

Ni mwalimu mkuu mstaafu, anaishi Milimani, upande ule wa mji unaopanda kuelekea Menengai, na mtaa mzima humwita Mwalimu. Mwanawe alimchimbia bwawa la kuogelea nyuma ya nyumba baada ya daktari kumshauri aogelee kwa ajili ya magoti. Bwawa lina urefu wa mita 8 na upana wa mita 4, kina kinaanzia mita 1 na kuishia 1.8. Ukipiga hesabu unapata karibu lita 45,000. Mwezi wa Mei aliwekewa paneli sita za kupasha maji joto kwa jua. Kufikia Julai maji yalikuwa hayajawahi kugusa nyuzi 23, na mwenyewe alitaka 26, tena kabla ya wajukuu kufunga shule mwezi wa Agosti. "Nimekalia mlima wanaochimba mvuke," akasema akiuelekezea Menengai kidole, "na bado naoga barafu."

Tuelewane kwanza ni paneli za aina gani. Si zile za kutoa stima, wala si zile za kioo zenye tangi mgongoni zilizojaa kwenye mapaa ya mji huu kwa ajili ya maji ya kuoga. Hizi ni mikeka myeusi ya plastiki ya polipropilini, kila mmoja mita 1.2 kwa 3: vijibomba vyembamba vingi vimelala sambamba kati ya mabomba mawili manene, moja chini na jingine juu. Hazina kioo. Maji ya bwawa lenyewe hupita ndani yake, yakisukumwa na pampu ile ile ya chujio la mchanga, yanapanda paani na kurudi. Kioo unakihitaji ukitaka maji ya nyuzi 60. Bwawa linataka 26, ambayo ni karibu sawa na hewa ya mchana, na kitu kilicho karibu na joto la hewa hakipotezi mengi hata kikikaa uchi. Kwa kazi hii plastiki inashinda shaba, na si kwa bei tu. Maji ya klorini yakiegemea asidi kidogo huila shaba, na baada ya muda unaona madoa ya kijani kwenye kuta za bwawa.

Paneli sita ni mita za mraba 21.6, na uso wa bwawa ni mita za mraba 32. Kwa kawaida eneo la paneli huwa kati ya nusu ya uso wa bwawa na uso wote. Theluthi mbili si haba. Kwa hiyo Mwalimu hakuwa amepunjwa paneli, na nilimwambia hivyo kabla sijapanda ngazi, ili asije akadhani nimekuja kumuuzia nyingine.

Nilipanda saa sita na nusu. Niliomba pampu iwashwe, nikangoja dakika kumi, nikaanza kuzigusa paneli moja moja kwa kiganja. Tatu za kwanza zilikuwa baridi. Ya nne vuguvugu. Ya tano na ya sita niliondoa mkono haraka.

"Ziko moto?" Mwalimu aliuliza kutoka chini.

"Mbili ziko moto, Mwalimu."

"Basi hizo mbili ndizo nzima. Hizo nyingine warudishiwe."

Hapo ndipo watu wengi wanapokosea, na simlaumu, kwa sababu kila kitu kingine jikoni na bafuni kimetufundisha kwamba kifaa kinachofanya kazi huchoma mkono. Paneli ya bwawa inayofanya kazi huwa baridi. Ikiwa ya moto, maana yake jua limeingia na maji hayapiti kulibeba, kwa hiyo joto linakaa kwenye plastiki na kurudi hewani. Zile mbili za moto ndizo zilikuwa zimelala. Sababu haikuwa ngumu kuiona: fundi wa kwanza alikuwa ameingiza maji kwenye kona ya chini ya paneli ya kwanza, na kuyatoa kwenye kona ya juu ya paneli hiyo hiyo ya kwanza. Maji hupenda njia fupi. Yalipanda kwa paneli za karibu na kushuka, paneli za mwisho zikabaki kama watoto walioketi nyuma kabisa darasani. Dawa yake ni kuingiza maji chini upande mmoja na kuyatoa juu upande wa pili, ili kila tone litembee umbali ule ule hata likipita paneli gani.

Nikapima. Maji yaliyopanda yalikuwa nyuzi 21.9, na yaliyorudi 22.9. Nyuzi moja tu. Mwalimu aliweka mkono mahali maji yanapotokea bwawani, akanitazama kama anavyomtazama mwanafunzi aliyesema kazi ya nyumbani imeliwa na mbwa. Ilibidi nimweleze kwamba hata mambo yakiwa sawa kabisa hatasikia moto pale. Paneli sita zinataka lita 90 hivi kwa dakika, na kwa jua zuri maji hayo hupata nyuzi mbili, mbili na kidogo. Mkono hauhisi chochote. Lakini lita 90 kila dakika zikiongezewa nyuzi mbili ni joto la zaidi ya kilowati 12, sawa na vichwa viwili vya bafu la umeme vikiwaka kwa pamoja mchana kutwa bila kugusa tokeni. Mtu akipunguza kasi ya maji ili yarudi ya moto anajidanganya: maji yanakuwa ya moto zaidi lakini machache, na jumla ya joto inashuka.

Sasa mwelekeo. Hii ndiyo sehemu iliyonifanya niandike kisa hiki.

Nyumba ina paa la mabati lenye pande mbili, moja linatazama kaskazini, kwenye Menengai, na jingine kusini, kwenye ziwa. Kila upande una mwinamo wa nyuzi 15. Paneli zilikuwa upande wa kusini. Zaidi ya hapo, zilikuwa zimeinuliwa kwa fremu za anglaini, vile vyuma vya pembe, hadi mwinamo wa nyuzi 35, zikilitazama Ziwa Nakuru kama watu walioketi uwanjani. Kazi ya kuchomelea ilikuwa safi, sina la kusema. Niliuliza kwa nini kusini. Mwalimu aliingia ndani akatoka na karatasi iliyokuja na paneli, amehifadhi kwenye faili. Karatasi ilitoka Marekani, na ilisema wazi: elekeza kusini, mwinamo uwe karibu na latitudo ya mahali ulipo.

Marekani bara jua la mchana huwa kusini mwaka mzima. Mtu wa latitudo 35 akiinua paneli nyuzi 35 kuelekea kusini amefanya la maana. Nakuru iko chini ya nusu ya nyuzi kusini mwa Ikweta. Hapa jua hupita juu ya kichwa mwezi wa Machi, likaenda kaskazini hadi Juni, likarudi juu ya kichwa Septemba, kisha likaenda kusini hadi Desemba. Na miezi yetu ya baridi, Juni, Julai na Agosti, ndiyo miezi ambayo jua liko kaskazini. Fundi wa kwanza hakuwa tapeli. Alikuwa mtiifu kwa karatasi, na karatasi iliandikiwa anga nyingine.

Maneno yangu yalimchosha Mwalimu. Nikachukua kijiti cha nyanya chenye urefu wa mita moja, nikakisimamisha wima kwenye nyasi kwa pimamaji. Ilikuwa saa sita na dakika arobaini hivi, saa ambayo jua la Nakuru ndipo hufika katikati mwezi wa Julai, maana saa zetu zinafuata mstari wa nyuzi 45 mashariki na sisi tuko nyuzi 36. Kivuli kililala kuelekea ziwani, sentimita 38.

Alikitazama kijiti, akatazama paa, akatazama tena kivuli. Sikujua kwamba alikuwa amefundisha jiografia. "Kivuli kikilala kusini," akasema polepole, "jua liko kaskazini." Kimya kidogo. "Nimefundisha hii kitu miaka yote, na imenikalia juu ya kichwa tangu Mei."

Hesabu yenyewe ni ya shule. Siku ile jua la mchana lilikuwa karibu nyuzi 21 kaskazini mwa utosi. Paneli iliyoinama nyuzi 35 kusini ilikuwa imelipa jua mgongo kwa pembe ya nyuzi 56, na kosaini ya 56 ni 0.56. Paneli hiyo hiyo ikilazwa tu kwenye paa la kaskazini, bila fremu yoyote, ingekuwa imeachana na jua kwa nyuzi 6, na kosaini yake ni 0.99. Yaani saa ile ya jua kali kuliko zote, alikuwa akipokea zaidi kidogo ya nusu ya alichostahili, na amelipia vyuma ili akose nusu hiyo. Desemba mambo yangegeuka: jua likiwa kusini, fremu zile zingelipokea karibu lote. Nilimwambia, "Mwalimu, umewekewa paneli za Krismasi." Alicheka kwa mara ya kwanza.

Kuna mtu atauliza, kama tuko kwenye Ikweta kwa nini usizilaze bapa kabisa? Kwa nguvu ya jua, bapa si mbaya. Tatizo ni hewa na vumbi. Paneli isiyoinama hubakiza mapovu ndani na haimwagi maji yake pampu ikizima, na vumbi la Januari na Februari hukaa juu yake likingoja mvua za Machi. Mwinamo wa nyuzi 10 hadi 15 unatosha kabisa, na mabati mengi ya mjini tayari yanao. Sioni sababu ya kuchomelea fremu kwenye paa la namna hiyo. Fremu pia ni tanga. Jioni upepo hushuka kutoka Menengai, unaingia chini ya paneli iliyoinuliwa na kuisukuma juu, na kila msukumo unavuta skurubu. Za Mwalimu zilikuwa zimepigwa kwenye bonde la bati, pale maji ya mvua yanapopita, badala ya mgongoni. Chumbani kwake dari ilikuwa na doa la kahawia lenye umbo la Ziwa Viktoria, na hakuna aliyekuwa ameliunganisha na bwawa.

Nilipokuwa nakunja vifaa nikauliza, kama nyongeza tu, pampu hufanya kazi saa ngapi. Kijana wa bustani, mtu makini kutoka Kakamega, akajibu kwa kujivuna kidogo: "Saa kumi na mbili jioni hadi saa sita usiku, fundi. Haijawahi kukosa." Aliyechimba bwawa alikuwa amemfundisha kwamba klorini huliwa na jua, kwa hiyo azungushe maji usiku. Kwa klorini kuna ukweli hapo. Kwa paneli, ilikuwa balaa. Siku zote pampu ililala wakati wa jua na kuamka jua likizama. Ule mchana wangu wa kupima huenda ndio uliokuwa mchana wa kwanza wa paneli zile kuona maji yakipita ndani yake jua likiwa juu.

Nilirudi saa tatu usiku, kwa udadisi zaidi kuliko haja. Anga ilikuwa safi, nyota zote nje, hewa nyuzi 14. Maji yaliyopanda: 21.5. Yaliyoshuka: 20.8. Mkeka mweusi ukiwa uchi chini ya anga kavu ya mwinuko wa mita 1,850 hutoa joto kwenda angani usiku kama unavyolipokea mchana, japo si kwa nguvu ile ile. Kwa saa sita za kila usiku, Mwalimu alikuwa akipoteza yuniti 20 hivi za joto (yuniti ni kilowati-saa, kama zile za stima), na akilipa stima ya pampu ili zipotee. Mtu angetaka kupoza bwawa kule Lodwar, ningemshauri afanye vivyo hivyo.

Mchezo ungeweza kuishia hapo: hamisha paneli, geuza saa ya pampu, rekebisha mabomba. Lakini kuna kitu kilinisumbua. Kijana alikuwa ametaja kwamba kila siku mbili hujaza bwawa kwa mpira wa bustani, na Mwalimu aliamini bwawa linavuja, tena alikuwa tayari kumtafuta mtu wa kupasua sakafu. Tukafanya jaribio la ndoo. Unaijaza ndoo maji ya bwawa, unaiweka kwenye ngazi ya bwawa ikiwa na jiwe ndani ili isielee, unahakikisha maji ya ndani na ya nje yako usawa mmoja, unaweka alama pande zote mbili. Baada ya siku nzima unatazama. Bwawa likishuka kuliko ndoo, linavuja. Vikishuka sawa, maji yamekwenda hewani.

Vilishuka sawa. Milimita 5.

Milimita 5 kwenye mita za mraba 32 ni lita 160. Mitungi minane ya lita 20, kila siku, ikipaa bila kelele. Na maji hayapai bure: kila lita inayogeuka mvuke huondoka na joto la karibu theluthi mbili za yuniti, na joto hilo linatolewa na maji yanayobaki. Lita 160 ni zaidi ya yuniti 100. Kulipandisha bwawa hili nyuzi moja kunataka yuniti 52. Kwa hiyo uso mtupu ulikuwa ukimnyang'anya nyuzi mbili kila siku, kwa njia hii moja peke yake, kabla hujahesabu kinachokwenda angani usiku. Na paneli zake zote sita, zikiwekwa sawasawa, kwa siku nzuri ya Julai zingeleta yuniti 70. Angeweza kulifunika paa lote kwa plastiki nyeusi na bado angekuwa anateka maji kwa pakacha.

Sababu ya upepo kufika pale chini nayo ilijulikana. Palikuwa na ua wa kayaba, mrefu kuliko mtu, ukakatwa mwaka jana ili ziwa lionekane kutoka kwenye viti vya kando ya bwawa.

Nilimwambia Mwalimu kwamba kabla ya kugusa paneli, anunue blanketi la bwawa, lile plastiki la viputo linaloelea juu ya maji. Alikataa papo hapo. "Nimechimbiwa bwawa nilitazame. Sitalifunika kama mtama uliotandazwa." Nikamwonyesha ndoo. Akasema ndoo ameielewa, lakini blanketi hapana. Tukazungumza ua wa kayaba. Hapana, ziwa ni lake. Kwa kweli sikuwa na hoja hapo. Mandhari ya flamingo yakiwepo si kitu cha kubishana nacho. Mwishowe tulikubaliana kwa mizani yake yeye: blanketi litandikwe saa kumi na moja jioni na kutolewa saa mbili asubuhi, ambapo hakuna anayekaa kwenye viti. Lizungushwe kwenye roli, mtu mmoja aweze kulivuta. Na sharti langu: likitolewa litolewe lote. Blanketi nusu juu ya maji yenye watoto ni mtego. Mtoto akizama chini yake haoni njia na nyinyi hammwoni. Bei yake ilikuwa pungufu ya paneli mbili.

Kazi ya paani ilituchukua siku mbili, watu watatu. Fremu za anglaini zilishuka na sasa zinabeba mapipa ya kuku. Mashimo ya skurubu bondeni tuliyaziba, na bati moja lililokuwa limechanika tukalibadilisha. Upande wa kaskazini tulitafuta kwanza mbao zinazobeba mabati, kwa kugonga na kwa kupanda ndani ya dari, tukapiga skurubu zenye washa za mpira kwenye mgongo wa bati hadi ziume mbao. Kuuma bati peke yake si kushika.

Paneli hazitobolewi. Bomba la juu ndilo linalofungwa imara, halafu mikanda hupita juu ya mkeka kuuzuia usipeperuke, na upande wa chini unaachwa huru. Plastiki yenye urefu wa mita 3 hukua zaidi ya sentimita moja kati ya alfajiri na mchana wa jua pampu ikiwa imezima. Ukiifunga pande zote mbili hutuna katikati kama mkeka uliolowa, kisha hupasuka kwenye maungio. Bomba la PVC linalopanda ukutani lina tabia hiyo hiyo: mita 10 zake husogea kama sentimita 2, kwa hiyo vishikizo vyake viliachwa vilegevu kidogo, na kati ya bomba na paneli tukaweka vipande vifupi vya mpira na klempu. Kisha tukalipaka rangi, maana jua huifanya PVC iwe ngumu na dhaifu kama kaka la yai.

Jambo moja la kuchekesha. Juu ya paa kuna kivalvu kidogo kinachoruhusu hewa iingie pampu inapozima, ili maji yashuke na mikeka isinyonywe hadi ibanane. Kilikuwepo tangu Mei. Kilikuwa kimezibwa kwa silikoni. Mtu alikisikia kikipumua, akadhani kinavuja.

Mwalimu aliuliza kama pampu yake ya nguvu farasi robo tatu itaweza kusukuma maji hadi ng'ambo ya paa, mita 9 zaidi za bomba. Itaweza. Kazi ngumu ni ile dakika ya kwanza ya kujaza. Mabomba yakishajaa, maji yanayoshuka huyavuta yanayopanda, na pampu hubaki ikipambana na msuguano tu. Kipimo cha mgandamizo kwenye chujio kilipanda kidogo sana.

Kuhusu kuendesha mambo, nilikuwa nimependekeza kidhibiti chenye vihisi viwili, kimoja paani na kimoja kwenye maji, kinachofungua njia ya paa paneli zikizidi bwawa kwa nyuzi chache na kuifunga zisipozidi. Ni kifaa kizuri. Mwalimu alisema tayari anamlipa mtu mwenye macho mawili. Basi tukaweka valvu ya njia tatu ya mkono, saa ya pampu ikawa saa tatu asubuhi hadi saa kumi jioni, na kijana akafundishwa: jua likiwepo, mpini upande wa paa; wingu zito la mvua likitokea, na Agosti ya Nakuru huwa nayo sana alasiri, mpini upande wa chini. Vidonge vya klorini hutiwa jioni kwa kipimo, kwenye bwawa lenyewe. Havikai tena kwenye kikapu cha kunasia majani, ambako maji makali yangepitia kwenye pampu na paneli kila siku.

Kisha Mwalimu akampa daftari la mistari, la shule, akalichorea safu: tarehe, saa moja asubuhi, saa kumi jioni, hali ya anga, blanketi. Kila Jumapili hulisahihisha.

Kabla ya kazi, daftari lingeonyesha 20.6 asubuhi na 22.4 jioni, vipimo nilivyochukua mwenyewe. Wiki ya kwanza blanketi liliwahi kufika kabla ya paneli kuhamishwa, na nafurahi ilitokea hivyo, maana niliona kila kimoja kikifanya kazi yake. Kwa blanketi peke yake, na paneli zikiwa zimefungwa kabisa, asubuhi zilipanda hadi 22.5. Paneli zilipohamia kaskazini, maji yaliyorudi yakawa yanazidi yaliyopanda kwa nyuzi 2.1 saa sita na nusu, mikeka yote sita baridi mkononi. Wiki ya tatu, asubuhi 24.8, jioni 26.5. Wajukuu walifika wakakuta hivyo na hawakushukuru mtu. Watoto huamini maji huzaliwa na joto lake.

Si kila kitu kilikaa sawa. Nyumba ya jirani ya magharibi ni ya ghorofa, na kivuli chake huifikia paneli ya sita saa kumi kasoro robo. Tungeweza kuisogeza, ila ingebidi ipande juu ya bomba la choo. Tumeiacha. Siku za mvua mbili tatu mfululizo maji hushuka hadi 23 na hakuna cha kufanya ila kungoja. Na alinipigia Septemba kuuliza kama anunue paneli mbili zaidi afikie 28. Nilimwambia kwanza ajaribu kuliacha blanketi juu mchana pia, siku ambazo haogelei wala hakai nje, maana linapitisha jua jingi na kuzuia mvuke. Alinyamaza muda mrefu kwenye simu.

Mara ya mwisho nilipopita pale, kijana alinionyesha daftari. Ukurasa mzima wa wino wa bluu, namba zikifuatana vizuri, isipokuwa mstari mmoja, asubuhi iliyofuata sherehe ya kuzaliwa ambapo wageni walikaa kando ya maji hadi usiku na blanketi likabaki kwenye roli. Jioni 26.6. Asubuhi 24.4. Chini yake palikuwa na mstari mwekundu uliochorwa kwa rula, na pembeni, kwa mwandiko wa ubaoni: "Nani alisahau?"